KISIMA NA TANGI: HAKI YA MAJI SAFI NA MAFUTA YANAYOVUJA ARDHINI

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Kizwite, Sumbawanga



Katika vikao vyetu vya Haki na Amani tumezoea kuzungumzia mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, mahabusu wanaokaa rumande muda mrefu, na wazee wanaosingiziwa uchawi. Leo nimeombwa kuzungumzia jambo lisiloonekana kwa macho, ambalo wengi wangedhani ni la mafundi peke yao. Ni mafuta ya petroli, dizeli na mafuta ya taa yanayovuja kutoka katika matangi yaliyofukiwa ardhini, na jinsi yanavyoweza kuharibu udongo na maji ya visima vyetu. Nitajaribu kuonyesha kwamba jambo hili ni la haki kama yale mengine, na kwamba viongozi wa walei wana kazi ya kufanya ndani yake.

Niseme wazi tangu mwanzo. Sikuja kutangaza kwamba kisima fulani cha Kizwite kimeharibika, wala kwamba kituo fulani cha mafuta mjini Sumbawanga kinavuja. Kutamka hivyo bila kipimo ni kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Nimekuja kueleza jinsi ukweli wa jambo la namna hii unavyotafutwa, nani ana wajibu wa kuutafuta, na nani ana haki ya kuudai.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI LA HAKI

Mwenye uwezo akishuku maji ya kisima, hufungua bomba au hununua maji ya chupa. Mama mwenye watoto watano, anayeishi kwa kuuza maandazi, huendelea kuteka maji yale yale kwa kuwa hana mengine. Hasara ya uvujaji, basi, haiwaangukii watu wote sawasawa. Faida ya mafuta humwendea anayeyauza na anayesafiri kwa gari. Hatari yake yaweza kumwendea mtu ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki.

Torati ya Musa, katika Kitabu cha Kutoka sura ya 21, inazungumzia mtu aliyechimba shimo akaliacha bila kulifunika. Ng'ombe au punda wa jirani akitumbukia humo, mwenye shimo hulipa. Haisemwi kwamba ni lazima awe alikusudia mabaya. Yatosha kwamba shimo ni lake na hakulitunza. Wanasheria wa siku hizi wameiweka kanuni inayofanana na hiyo katika maneno mafupi: mchafuzi hulipa.

Lakini pana upande wa pili wa haki, nao ni haki ya anayetuhumiwa. Sisi watu wa Rukwa twajua vizuri yanayotokea pale ugonjwa unapoingia nyumbani na chanzo chake hakijulikani. Hutafutwa mtu wa kubebeshwa, na mara nyingi ni bibi kizee asiye na wa kumtetea. Mahali ambapo chanzo hakipimwi, uvumi huchukua nafasi ya ushahidi. Kwa hiyo uchunguzi wa kweli hulinda watu wawili kwa pamoja: anayekunywa maji, na anayeshutumiwa bila kosa.

2. JINSI TANGI LINAVYOVUJA

Tunaposimama katika kituo cha mafuta twaona pampu tu. Chini ya sakafu yapo matangi makubwa, na kati ya matangi na pampu yapo mabomba. Matangi mengi ya zamani ni ya chuma kitupu. Chuma kilichofukiwa katika udongo wenye unyevu hupata kutu. Kutu hutoboa tundu dogo, na hakuna anayeliona. Matangi ya namna hiyo yakishapita miaka 15 au 20 ardhini huanza kutiliwa mashaka. Mara nyingine tangi ni zima, lakini viungo vya mabomba vimelegea kwa sababu ardhi imetitia au malori mazito hupita juu yake. Aidha, mafuta mengi humwagika wakati lori linapojaza tangi, kidogo leo na kidogo kesho, kwa miaka mingi.

Tusilidharau tundu dogo. Chukueni mfano wa tone moja kila sekunde. Matone 20 hufanya takriban mililita moja. Kwa siku moja yenye sekunde 86,400 yatavuja zaidi ya lita 4; kwa mwaka, zaidi ya lita 1,500. Ni kama mapipa saba na nusu yaliyomiminwa ardhini, na pengine hakuna aliyesikia harufu.

Mwenye kituo aweza kujua kwa daftari lake. Kila asubuhi hupima mafuta kwa fimbo, huandika kiasi kilichoingia, hutoa kiasi kilichouzwa, kisha hulinganisha. Hapa Ufipa hesabu hiyo ina jambo lake. Petroli hutanuka kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi. Lita 30,000 zilizopakiwa katika joto la Dar es Salaam, zikipoa kwa nyuzi 10 katika baridi ya uwanda wetu, zitapungua kwa karibu lita 280 bila hata tone kuvuja. Basi mwenye kituo anaposema kwamba mafuta yamesinyaa kwa baridi, aweza kuwa anasema kweli. Tofauti ni kwamba mafuta yakishapoa na kulingana na ubaridi wa ardhi, kusinyaa hukoma, lakini uvujaji hauna kikomo. Daftari linaloonyesha upungufu siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, hata siku ambazo hakuna lori lililoleta mafuta, linasema jambo ambalo baridi haiwezi kulieleza.

Tusifikirie vituo vya mafuta peke yake. Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga ulitegemea umeme unaotoka Zambia pamoja na majenereta ya dizeli, na kila jenereta kubwa lina tangi lake. Gereji, mashine za kusaga, hospitali, shule za bweni na misheni za zamani huenda zina matangi, mengine yameachwa na kusahaulika. Tangi lililoachwa likiwa na mafuta ndani bado lina hatari.

3. MAFUTA YAKISHAINGIA ARDHINI

Mafuta yakivuja huteremka kwanza katika udongo mkavu. Sehemu yake hunasa katika chembe za udongo. Sehemu hugeuka mvuke na kupenya juu, mara nyingine hadi ndani ya nyumba au katika mifereji, ambako cheche moja yaweza kuleta mlipuko. Yaliyobaki hushuka mpaka yakutane na maji ya chini. Kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, hayazami. Huelea juu ya maji kama mafuta ya kula yanavyoelea juu ya mchuzi. Kisha baadhi ya kemikali zake huyeyuka polepole ndani ya maji na kusafiri pamoja nayo.

Safari hiyo huwa na mwelekeo. Maji ya chini hutiririka kutoka mahali yalipo juu kwenda yalipo chini, na mara nyingi hufuata mteremko wa ardhi, ingawa si kila mara. Utafiti uliofanywa katika jimbo la California mwaka 1995 juu ya matangi yaliyovuja ulionyesha kwamba katika sehemu nyingi kemikali hizo hazikufika mbali zaidi ya mita 80 hivi, kwa sababu bakteria wa ardhini huzila. Habari hiyo ni ya kutia moyo. Hata hivyo tusiichukue kama kipimo cha Ufipa. Uwanda wetu, ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, umekaa juu ya miamba migumu ya kale sana. Maji yetu ya chini hukaa katika tabaka la mwamba uliooza na kulainika, na chini yake hupita katika nyufa za mwamba. Katika mchanga maji husambaa taratibu na kwa namna inayotabirika. Katika ufa wa mwamba hukimbia kama katika bomba, yakaruka kisima kilicho karibu na kutokea katika kisima kilicho mbali. Ndiyo sababu umbali peke yake hauhakikishi usalama, wala ukaribu peke yake hauthibitishi kosa.

Majira nayo yana sehemu yake. Mvua zetu hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Wakati huo maji ya visima hupanda, na katika kiangazi hushuka. Mafuta yanayoelea hupanda na kushuka pamoja nayo, yakipaka udongo kila yanapopita. Kisima kilichopimwa Oktoba kikaonekana safi chaweza kutoa majibu mengine Machi.

4. MADHARA KWA AFYA

Ndani ya petroli imo kemikali iitwayo benzini. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta saratani kwa binadamu, hasa saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasiwe na benzini zaidi ya miligramu 0.01 katika lita moja. Tufanye hesabu tena. Lita moja ya petroli yenye benzini asilimia moja ina gramu 7 au zaidi za kemikali hiyo. Kiasi hicho kikiyeyuka chote, chatosha kufikisha lita 700,000 za maji kwenye kikomo hicho.

Yatupasa kuelewa mambo matatu. Kwanza, harufu ya mafuta katika maji ni onyo la kweli, na maji hayo yasinywewe. Lakini kukosekana kwa harufu si cheti cha usalama, kwa kuwa benzini yaweza kupita kikomo kabla pua haijaitambua.

Pili, kuchemsha na kutia klorini, ambavyo akina mama wamefundishwa vema, vimekusudiwa kuua vijidudu vya kipindupindu, kuhara na homa ya matumbo. Petroli si kijidudu. Klorini haiiondoi, na anayeichemsha jikoni huigeuza mvuke na kuivuta puani.

Tatu, madhara haya huja polepole. Mtoto hataanguka leo kwa kikombe kimoja. Hatari iko katika kunywa kila siku kwa miaka, na kwa hiyo ni rahisi kwa kila mwenye wajibu kusema kwamba hapana haraka.

Petroli ya zamani ilikuwa pia na risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuitumia mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Udongo wa mahali palipouzwa mafuta kabla ya hapo unastahili kupimwa kabla ya kulimwa mboga au kujengwa nyumba.

5. MAMBO YALIYOTOKEA KWINGINE

Huko Marekani serikali ilianza mpango wa kusimamia matangi ya ardhini mwaka 1984, ikatoa kanuni mwaka 1988, na kuwapa wenye matangi muda hadi Desemba 1998 kuyaboresha, kuyabadilisha au kuyafunga. Tangu mpango huo uanze imethibitishwa mivujo zaidi ya nusu milioni. Katika mji wa Santa Monica, mwaka 1996, visima vilivyotoa karibu nusu ya maji ya mji vilifungwa kwa sababu ya kemikali iliyochanganywa katika petroli. Nchi tajiri yenye wakaguzi wengi ilichelewa kuyaona yaliyokuwa chini ya miguu yake. Nasi tusidhani kwamba tutayaona bila kuyatafuta.

Mfano wa karibu zaidi ni wa jirani zetu wa Kenya. Bomba si tangi, lakini mafuta yakishaingia ardhini sheria ya asili ni ile ile. Mwezi Mei 2015 mafuta yalivuja katika eneo la Thange, wilaya ya zamani ya Kibwezi, ambayo leo imo katika Kaunti ya Makueni. Yalitoka katika bomba la Kenya Pipeline Company lililokuwa likisafirisha mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi tangu mwaka 1978. Mafuta yaliingia katika udongo, katika Mto Thange na katika maji ya visima. Wananchi waliokuwa wakiishi kwa kilimo na mifugo walipoteza maji yao na mashamba yao. Walidai haki, walikwenda mahakamani. Mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamuru kampuni hiyo iwalipe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya.

Ndugu zangu, tuutazame mwaka wa kwanza na mwaka wa mwisho: 2015 na 2025. Mtoto aliyezaliwa bomba lilipovuja alikuwa na umri wa miaka 10 hukumu ilipotolewa. Fidia ni haki, lakini haiwezi kurudisha miaka 10 ya kutafuta maji. Ndiyo sababu twasisitiza kazi ya mapema. Ushahidi uliokusanywa wakati jambo ni jipya hufupisha safari ya mahakamani, na pengine huizuia kabisa.

6. NAMNA YA KUCHUNGUZA

Uchunguzi hufanywa na wataalamu wenye vyombo na idhini. Lakini mwananchi anayeelewa hatua zake hawezi kudanganywa kwa urahisi. Hatua hizo ni kama ifuatavyo.

(a) Historia ya mahali. Tangi lilifukiwa mwaka gani? Ni la chuma au la aina nyingine? Mmiliki wa kwanza alikuwa nani? Biashara ya mafuta nchini ilifunguliwa kikamilifu kwa makampuni binafsi mwaka 2000, na tangu hapo vituo vimebadilisha mikono. Wazee wa mtaa wanaokumbuka mahali palipokuwa na pampu zamani ni mashahidi wenye thamani kubwa.

(b) Daftari la mafuta. Wakaguzi hulisoma kwa miezi mingi nyuma, kisha tangi na mabomba hupimwa kama yanashikilia mafuta bila kupungua.

(c) Ramani ya visima. Kila kisima kilicho karibu huandikwa: kina chake, umri wake, watumiaji wake, na umbali wa maji kutoka usawa mmoja uliopimwa. Vipimo vya visima vitatu visivyo katika mstari mmoja vyatosha kuanza kuonyesha maji yanaelekea upande gani. Hapo ndipo swali la msingi hujibiwa: je, kisima kinachotiliwa shaka kiko upande ambao maji yanakwenda, au upande yanakotoka?

(d) Sampuli za udongo na mvuke. Wataalamu hutoboa ardhi mahali mbalimbali na kwa vina mbalimbali, wakapima mvuke na kuchukua udongo.

(e) Sampuli za maji. Hizi huwekwa katika vichupa vya kioo, vikajazwa hadi juu pasibaki hewa, vikafungwa sawasawa na kuwekwa katika barafu, kwa kuwa benzini hutoroka haraka. Chupa ya soda iliyooshwa haifai. Itatoa majibu ya kufurahisha ambayo si ya kweli. Kila kichupa huandikwa mahali, tarehe, saa na jina la aliyekijaza, na kila anayekipokea hutia sahihi mpaka kifike maabara. Sampuli isiyo na mlolongo huo yaweza kukataliwa mahakamani. Aidha, kisima kilicho upande yanakotoka maji nacho hupimwa, ili kulinganisha.

(f) Hatua za kurekebisha. Ikithibitika, kwanza uvujaji husimamishwa na watu hupewa maji mengine. Kisha mafuta yanayoelea huondolewa, udongo ulioharibika huchimbwa au kupitishiwa hewa, na visima vya uangalizi hupimwa kwa miaka. Mara nyingine wataalamu huacha bakteria wafanye kazi yao, na njia hiyo ni halali. Lakini kusubiri kwa kupima si sawa na kusubiri kwa kusahau.

Naomba nionye kwa nguvu zote: asijaribu mtu kuchunguza mwenyewe kwa kibiriti, kwa kuingia katika shimo la tangi, au kwa kuchimba karibu na mabomba. Mvuke wa petroli huua kwa moto na pia kwa kukosesha pumzi. Tukumbuke Morogoro, Agosti 2019, ambako watu zaidi ya 100 walifariki baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka huku wananchi wakichota mafuta.

7. SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa haki ya kufungua shauri pale haki hiyo inapotishiwa. Imeweka pia kanuni ya mchafuzi hulipa, kanuni ya tahadhari, na haki ya wananchi kushirikishwa. Kanuni ya tahadhari maana yake ni kwamba pale penye tishio la madhara makubwa, kukosa uhakika kamili wa kisayansi kusiwe sababu ya kukaa bila kufanya lolote.

Mahakama zetu zilikwisha kuonyesha njia hata kabla ya sheria hiyo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walifungua kesi dhidi ya Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jalala la taka lililowatesa kwa moshi na harufu. Jiji lilipoomba kuongezewa muda wa kuendelea kulitumia, Jaji Lugakingira alikataa, akaihusisha haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba na haki ya kuishi mahali pasipohatarisha afya. Waliofungua kesi hiyo walikuwa wananchi wa kawaida.

Kwa upande wa ofisi, biashara ya mafuta husimamiwa na EWURA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Usimamizi wa mazingira kitaifa ulikabidhiwa NEMC, baraza lililoundwa mwaka 1983. Maji ya chini ya ardhi hapa petu yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa. Uchunguzi wa kemikali ni kazi ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini mlango wa kwanza uko karibu zaidi: mwenyekiti wa mtaa, afisa afya wa kata, na afisa mazingira wa Manispaa. Barua iandikwe, nakala ibaki kwetu, na tarehe ya kupokelewa igongwe muhuri. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe.

8. SISI TUFANYE NINI

Kwanza, tuanze nyumbani. Kama kuna tangi lililofukiwa katika uwanja wa kanisa, wa shule au wa zahanati yetu, lijulikane, liandikwe na likaguliwe. Hatuwezi kumdai mfanyabiashara daftari lake huku sisi hatujui kilichomo chini ya uwanja wetu.

Pili, kila Jumuiya Ndogo iwe na daftari la visima vya eneo lake: mahali kilipo, mwaka kilipochimbwa, watu wanaokitegemea, na kila mabadiliko ya harufu, ladha au rangi pamoja na tarehe yake. Kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji mtu mmoja mwaminifu na kalamu. Itakapohitajika, daftari hilo litasema maji yalikuwaje kabla ya jambo kutokea. Bila hilo, kila upande utasema unavyotaka.

Tatu, shaka ikitokea, tuombe mambo mawili kwa pamoja: vipimo, na maji mengine ya muda. Tusikubali kuambiwa kwamba watu waendelee kunywa mpaka majibu yatoke. Na majibu yakitoka, yasomwe hadharani katika mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, yawe mabaya au mazuri. Majibu yaliyofungiwa kabatini hayamsaidii anayeteka maji.

Nne, tumtendee haki mwenye kituo. Aitwe, asikilizwe, apewe nafasi ya kuonyesha daftari lake. Anayefungua tangi lake likaguliwe kwa hiari yake anastahili kuheshimiwa. Na ikiwa ni mrithi wa tangi bovu lililoachwa na wengine, ukweli huo nao uandikwe. Tusiruhusu kijana yeyote kutumia shida hii kupiga mawe au kuchoma mali.

Tano, mafuta ya chupa na madumu yanayouzwa barabarani, na oili chafu inayomwagwa nyuma ya gereji, huingia katika ardhi ile ile. Tusiseme juu ya matangi makubwa tu kwa kuwa ni ya watu wengine.

Ndugu waamini, wazee wetu wa Ufipa waliitunza ardhi hii kwa matuta ya nyasi zilizofukiwa, wakijua kwamba kinachowekwa ardhini leo hutoka mwakani kama chakula. Kanuni hiyo haijabadilika. Kitu kinachowekwa ardhini hutoka, kiwe cha kulisha au cha kudhuru. Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma jinsi visima vya Abrahamu vilivyofukiwa na maadui, na jinsi Isaka alivyovichimbua tena kwa kazi na uvumilivu, bila vita. Kazi yetu ni ya namna hiyo: kupima, kuandika, kudai kwa utaratibu, na kutochoka.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu kuna visima vingapi, na ni familia ngapi zisizo na maji mengine zaidi ya hivyo?

2. Ni mahali gani panapojulikana au kukumbukwa kuwa na tangi la mafuta ardhini, likiwemo la zamani? Nani kati ya wazee wetu aweza kutueleza?

3. Ikiwa leo kisima kimoja kitatoa harufu ya mafuta, ni nani ataandika barua, itapelekwa wapi, na watu watateka maji wapi siku hiyo?

4. Tutafanyaje ili tudai haki ya anayekunywa maji bila kumsingizia asiye na kosa?

5. Ni nani katika Jumuiya yetu atapokea kazi ya kutunza daftari la visima, na litasomwa lini kwa mara ya kwanza?